UZI: Kutoka padi kwenda usukani kwenye gemu za magari (wa Malindi, Lamu na pwani yote karibuni)

#1 Mwanzisha uzi, Malindi

Salaam kwenu nyote.

Vijana wa gemu hapa Malindi hawachoki kuniuliza: ninunue usukani au nibaki na padi yangu (kile kidude cha mkononi chenye vijiti na vitufe)? Jibu la mkato halitoshi. Usukani mpya wa maana mara nyingi unapita bei ya mashine ya gemu ya PS4 (PlayStation 4) ya mtumba, na mtu akinunua bila kujua anabadilisha nini, muda si mrefu utaukuta juu ya kabati umefunikwa na kanga. Nimecheza na vyote viwili kwa muda mrefu na mchezo huu naupenda kwa dhati, kwa hiyo naandika kwa urefu. Mwenye swali aulize humuhumu.

Msimamo wangu nautoa mapema: wengi wanadhani wanalipia mikono, lakini kinachobadilika zaidi ni mguu wa breki.

Tuanze na padi yenyewe. Kile kijiti kinasafiri kidogo sana, kidole gumba kinakitoa kushoto hadi kulia kwa kufumba na kufumbua. Gari halipindi hivyo. Waundaji wa gemu wanalijua hilo, ndiyo maana gemu nyingi zina kichujio kati ya kidole chako na tairi. Ukiwa mwendo wa kasi ukasukuma kijiti hadi mwisho, gemu haizipindi tairi hadi mwisho. Inazipinda kadiri zinavyoweza kustahimili, tena kwa mpangilio wa taratibu. Kuna mkono mwingine unakusaidia kuendesha na wewe huuoni.

Chomeka usukani, mkono ule unaondoka au unapungua sana. Ukizungusha kupita kiasi, tairi za mbele zinapita kiasi kweli. Ukichelewa kurudisha gari linapoanza kuteleza nyuma, limeshakuzunguka. Basi mtu aliyekuwa bingwa wa mtaa kwa padi anajikuta anamaliza mzunguko akiwa nyuma ya wote, anasema usukani mbovu. Usukani hauna kosa. Kwa mara ya kwanza anaendesha peke yake.

Sasa breki. Kwenye padi unabonyeza L2, kitufe cha nyuma upande wa kushoto, kwa kidole cha shahada, na ile safari yake ni fupi. Kwenye pedali unatumia paja, goti na kifundo. Mguu wa binadamu hukumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali, ndiyo sababu pedali za bei kubwa zina kifaa kinachopima nguvu unayokanyaga badala ya kupima pedali imeshuka kiasi gani. Pedali za kawaida kama za usukani wa Logitech G29 zinapima mwendo wa pedali, ila nyuma ya breki kuna kipande cha mpira kinachoifanya iwe ngumu kadiri unavyoshuka. Mgeni akikanyaga anasema breki imekwama. Haijakwama, ndivyo ilivyoundwa.

Faida yake utaiona kwenye kona. Chukua Tsukuba, kiwanja kifupi cha Japani chenye urefu wa kilomita 2 na kidogo, kimo ndani ya gemu ya Gran Turismo 7. Kona ya kwanza inapinda kulia na inabana. Mwenye padi kwa kawaida anafunga breki akiwa amenyooka, anaachia yote, kisha anakata. Mwenye pedali anakanyaga kwa nguvu akiwa amenyooka, halafu anaachia pole pole *huku* akianza kukata, breki inaisha karibu na kilele cha kona, pale gari linapokaribia zaidi ukingo wa ndani. Unapofunga breki uzito wa gari unahamia mbele, tairi za mbele zinakandamizwa chini na kupata mshiko zaidi wa kukata kona. Ukiachia ghafla, uzito unarudi nyuma, pua ya gari inakataa kuingia. Jambo hili linawezekana kwa padi pia, sikatai, ila kuachia asilimia 60, 40, 20, 10 kwa ncha ya kidole ni kazi ngumu mno. Mguu ukishazoea unafanya wenyewe.

Nimewaona watu wakitumia saa nzima kurekebisha nguvu ya usukani na hawajagusa mpangilio wa breki hata mara moja. Anzeni na breki.

#2 Mdau, Lamu

Shekhe shukrani kwa uzi. Mimi niko Langoni. Huku mjini, kama ujuavyo, magari hakuna, ni punda na miguu, na ukitoka ni boti. Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu. Je, usukani utanifaa au nitakuwa nachezea pesa? Na hiyo nguvu ya usukani watu wanayoisema ni nini hasa?

#3 Mwanzisha uzi

Utakufaa sana, ndugu yangu, na swali lako la pili ndilo linalonipa sababu ya kusema hivyo.

Nyuma ya usukani wa maana kuna mota. G29 na ndugu yake G920 zina mota zinazosukuma kwa meno ya gia, Thrustmaster T300 inatumia mkanda, na zile za bei ya juu, Fanatec CSL DD kwa mfano, usukani umeungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota. Mota hiyo inapewa hesabu na gemu: tairi za mbele zinavutana vipi na barabara kwa wakati huu? Ukikata kona, tairi zinataka kujinyoosha, na wewe unasikia usukani unavuta kurudi katikati. Kadiri unavyozidi kuzielemea ndivyo unavyozidi kuwa mzito.

Halafu kuna jambo moja ambalo ndilo roho ya kifaa hiki. Tairi inapokaribia mwisho wa mshiko wake, ule uzito wa usukani huanza kupungua *kabla* tairi haijaachia kabisa. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, mwepesi wa ghafla. Hapo gari limekuambia: basi, usinizidishie. Mwenye padi analiona hilo kwenye skrini au analisikia kwa mlio wa tairi, mwenye usukani analipata viganjani mapema kidogo, na huo mapema kidogo ndio unaookoa kona.

Wewe wa Lamu kama umewahi kushika kana (mpini wa usukani) ya mashua unajua maji yanavyosukuma mkono, na unajua kana ikilegea ghafla kuna kitu kimebadilika chini. Ni maarifa ya namna hiyohiyo. Binamu yangu alikuja kutoka huko wakati wa likizo, hajaendesha hata tuktuk. Nilimpa Mazda Roadster ya kwenye gemu, nikamwambia asitazame mwendo, asikilize mikono tu. Alikuwa ameshika usukani kwa vidole, si kwa ngumi, mabega ameyaachia. Gari lilipoanza kuteleza mbele alirudisha usukani kidogo bila kuambiwa, likashika tena. Wenye leseni na miaka ya barabara ya Mombasa wanashindwa hapo, kwa kuwa wao gari likiteleza wanazidi kukata.

Angalizo tu: gemu haimpi mtu leseni. Barabarani kuna watoto, mbuzi na bodaboda.

#4 Mdau, Malindi

Kaka, mimi nina padi na nawapiga wenye usukani kila siku mtandaoni. Mnawaambia watu watoe pesa za nini?

#5 Mwanzisha uzi

Unasema kweli, na anayenunua usukani ili awe na kasi namshauri asubiri. Wapo wenye padi hodari kuliko mimi, na ule msaada wa kichujio niliousema hapo juu unawabeba vizuri. Tena kuna gemu ambazo padi ndiyo mahali pake: Need for Speed, na hata Forza Horizon 5 kwa maoni yangu. Pale unaruka vilima, unageuza gari nusu duara, unakatiza mashamba. Mikono miwili haiwezi kuzungusha usukani digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu, kwa kasi ya kidole gumba.

Usukani unalipa kwenye Gran Turismo, Assetto Corsa na Assetto Corsa Competizione, gemu za rali, na Euro Truck Simulator 2. Kama hupendi hata moja kati ya hizo, baki na padi kwa amani.

Ninachokitetea ni raha ya kuendesha. Kuna Toyota Aqua, Mazda Demio na Honda Fit ndani ya Gran Turismo 7, magari yaleyale yaliyojaa hapa Malindi. Kwa padi mtu hazigusi, anakimbilia Ferrari. Kwa usukani Demio inakuwa gari la kupendeza: unalisikia pua inavyozama ukifunga breki, unajua tairi ipi imechoka. Mwendo mdogo unakuwa na utamu wake.

#6 Dada, Watamu

Asante kaka. Mimi ninachezea PS4 sebuleni, meza yangu ni ya plastiki na sakafu ni vigae. Usukani utakaa wapi?

#7 Mwanzisha uzi

Dada, swali lako ni muhimu kuliko hata aina ya usukani. Usukani wa bei nafuu uliokazwa vizuri unaushinda wa gharama unaotikisika.

Meza ya plastiki haifai. Usukani una vibano viwili chini vya kuukaza kwenye ukingo wa meza, na mota ikivuta, meza yote inacheza, zile taarifa ndogo ndogo za tairi zinapotelea kwenye plastiki. Pedali nazo, kwenye vigae au saruji laini, zinakimbia mbele kila ukifunga breki kwa nguvu. G29 ina meno madogo chini ya pedali ya kushika zulia, lakini nani ana zulia nene sebuleni kwa joto letu? Mkeka ndiyo kabisa, unateleza nao.

Kwa haraka: peleka pedali hadi ukutani, weka ubao kati ya pedali na ukuta usiache nafasi. Kiti nacho kisiwe cha magurudumu, maana ukikanyaga utarudi nyuma wewe. Kiti cha mbao cha kulia chakula kinatosha.

Kwa kudumu: mwendee fundi wa kuchomea vyuma. Mwambie akate bomba za mraba, atengeneze fremu moja inayobeba usukani, pedali na kiti pamoja, ili nguvu ya mguu na nguvu ya kiti zikutane kwenye chuma kilekile. Nenda na usukani wenyewe siku ya kupima, kwa kuwa chini una matundu ya skrubu na lazima ubao wa juu utobolewe sawasawa na hayo. Pedali ziinuke kidogo upande wa mbele. Goti lisinyooke kabisa breki ikiwa imefika chini. Usukani uwe karibu hivi kwamba ukinyoosha mkono, kifundo cha mkono kiguse juu ya duara bila mgongo kuondoka kitini. Mwombe fundi apake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, upepo wa bahari tunaujua.

Na juu ya bahari: chumvi na mchanga ni adui wa pedali. Nyingi za bei ya kati zina vipima mwendo vya kusuguana ndani, uchafu ukiingia gemu inaona breki inarukaruka hata mguu ukiwa umetulia. Funika na kitambaa ukimaliza. Ikianza kurukaruka, fundi wa redio anaijua dawa ya kusafisha sehemu za umeme, aifungue apulize hiyo, asitie mafuta ya kula wala ya cherehani.

Jambo la mwisho kwako, stima ikipotea na kurudi. Usukani ukipata umeme hujizungusha wenyewe kushoto na kulia kutafuta katikati. Usiushike wakati huo, na mtoto asiwe na mkono kati ya mihimili yake.

#8 Mdau, Malindi

Kuna Mtaliano anarudi kwao anauza usukani wake na bei ni nzuri. Ni wa zamani kidogo, G27. Nina PS4. Nichukue?

#9 Mwanzisha uzi

Usichukue kwa PS4, mwanangu. G27 ni usukani mzuri, una klachi na gia ya mkono, ila PS4 haiutambui bila kifaa cha kati cha kuidanganya, na hicho ni gharama na usumbufu mwingine. Kama ungekuwa na kompyuta ningekwambia ukimbie ukalipe leo.

Kwa ufupi: G29 ni ya PlayStation na kompyuta, G920 ni ya Xbox na kompyuta. Zilitoka mwaka mmoja, 2015, kwa macho zinafanana, na watu wanauziana kimakosa kila mara. Soma namba iliyoandikwa chini. Mitumba ya Wataliano hapa Malindi huwa mizuri, wengi ni watu wa Monza na Ferrari na vitu vyao wanavitunza, lakini kagua hivihivi: adapta ya umeme iwepo, kwani bila hiyo mota haifanyi kazi. Iwashe uone ikijizungusha. Zungusha hadi mwisho pande zote usikilize kama kuna jino linakwaruza. Kanyaga kila pedali pole pole huku ukitazama kwenye skrini mstari unavyopanda, uwe unapanda bila kuruka.

Na jihadhari na zile za plastiki zinazorudi katikati kwa springi, zinazozunguka digrii 180 au 270 tu. Hazina mota. Mtu akinunua hiyo atachukia usukani wote duniani, na padi nzuri inaizidi kwa kila kitu.

#10 Mdau, Lamu

Umetaja rali. Safari Rally ninaipenda tangu utotoni kwa redio ya babu. Iko kwenye gemu?

#11 Mwanzisha uzi

Iko, na ni fahari yetu. Safari ilianza 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha. Gemu ya WRC 9 ya mwaka 2020 iliileta Kenya kabla mashindano yenyewe hayajarudi, kwa kuwa mwaka ule korona iliyafuta. Iko pia kwenye EA Sports WRC ya 2023, ila hiyo inataka PS5, Xbox mpya au kompyuta. Mwenye PS4 atafute WRC 9.

Cheza Safari kwa usukani na utawaheshimu upya kina Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5. Kwa rali punguza mzunguko wa usukani hadi digrii 540 hivi, 900 ni nyingi kwa kona za kuja moja juu ya nyingine. Punguza na nguvu ya mota kidogo, la sivyo mawe yatakuchosha mikono kabla hujafika nusu ya njia. Gari likiteleza nyuma, fungua vidole. Tairi za mbele zenyewe zinataka kuelekea gari linakokwenda, zitauvuta usukani upande unaotakiwa. Wewe uuache upite viganjani kisha uudake. Anayeng'ang'ania ndiye anayeishia kwenye mti wa mgunga.

#12 Dada, Watamu

Kaka nimeshawishika. Ukiwa na usukani siku ya kwanza unaanzaje? Na mipangilio?

#13 Mwanzisha uzi

Gari dogo, kiwanja kifupi, na usibadilishe hata kimoja mpaka uchoke nacho. Mazda Roadster na Tsukuba ndiyo chaguo langu. Kumbuka tu kwamba Gran Turismo 7 inataka intaneti karibu muda wote, kwa hiyo panga bando lako.

Mkono wa kushoto ukae kwenye namba 9 ya saa ya ukutani, wa kulia kwenye namba 3, usiihamishe kwenye kona za kawaida. Gia tumia vile vibanzi vya nyuma ya usukani, ya mkono baadaye. Breki kwa mguu wa kushoto, ambao mwanzoni utakuwa mkali kupita kiasi kwa wale waliozoea klachi. Chagua kamera ya ndani ya gari au ya juu ya boneti. Kamera ya nyuma ya gari inakuonyesha mgongo wa gari, na mikono yako iko mbele, ubongo unapata habari mbili zisizopatana.

Kwenye Gran Turismo 7 kuna vipimo viwili vya nguvu ya usukani, kimoja cha nguvu ya juu kabisa na kingine cha wepesi wa kuitikia, vyote kutoka 1 hadi 10. Weka katikati. Wengi wanapandisha hadi mwisho wakidhani ndiyo uhalisia, kumbe mota ndogo ikishafika kilele chake kila kitu kinakuwa uzito mmoja, na ule wepesi niliousema kule #3 hauusikii tena. Ukiona kona zote zina uzito sawa, shusha.

Usiangalie muda wako wiki za mwanzo. Angalia kama unaweza kufunga breki mahali palepale, kwa nguvu ileile, mzunguko baada ya mzunguko. Hilo likikaa, muda unashuka wenyewe.

#14 Mdau, Lamu

Nimepata G29 Mombasa, naileta kwa basi. Ushauri wowote wa safari?

#15 Mwanzisha uzi

Hongera sana. Ikae kwenye katoni yake, pedali na usukani zitenganishwe na nguo ili pedali isigonge vibanzi. Usiiweke kwenye buti, ishike mapajani hadi Mokowe, na kwenye boti ifunge ndani ya mfuko wa plastiki mara mbili, maji ya chumvi yakirukia adapta umeula hasara. Ukifika, kabla hujaichomeka popote, tafuta fundi seremala akupe ubao mgumu usiopinda. Halafu rudi hapa utuambie breki unaionaje.